Kikulacho ki Nguoni Mwako

Desturi yetu sisi wa Kidato cha Nne tukiandika katika gazeti letu ni kuandika juu ya michezo, au kuagana, au kuwaonya wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza wasome kwa bidii. Mimi leo sina onyo la kumpa mtu kabla sijajionya mwenyewe. Nataka kueleza kosa nililolifanya katika maabara yetu ya kompyuta, jinsi lilivyotafutwa mpaka likaonekana, na jambo ambalo nadhani shule yetu yafaa ilitengeneze ili kosa kama hilo lisitokee tena. Msomaji asiyejua kompyuta naye namwomba asifunue ukurasa mwingine, maana habari hii yamhusu hata mzazi ambaye hajagusa kompyuta maisha yake yote.

Wengi wetu twakumbuka yaliyotokea mwezi wa Machi. Jumapili moja jioni mvua kubwa ilitoka ziwani, radi zikapiga juu ya Busisi, na umeme ukakatika mpaka alfajiri. Jumatatu umeme uliporudi, kompyuta tano kati ya kumi na mbili hazikupata mtandao. Ziliwaka vizuri, na waya zilikuwa mahali pake, lakini hakuna ukurasa hata mmoja uliofunguka. Kila aliyeulizwa alisema neno moja tu: radi.

Neno hilo lilifanana sana na kweli. Sisi tunaokaa kando ya ziwa twaijua radi, nayo imekwisha kuunguza redio na televisheni nyingi vijijini kwetu. Ikasemwa basi kwamba kadi za mtandao za kompyuta zile tano zimeungua, na kwamba kiranja wa maabara, kijana wa Kidato cha Pili, hakuchomoa nyaya za umeme Jumapili kama ilivyoandikwa katika kanuni. Yeye alisema alichomoa, tena kwa haraka sana mvua ilipoanza, wala hakungoja kompyuta zizimwe kwanza. Hakuaminiwa. Aliondolewa ukiranja, akaambiwa amlete mzazi wake, kwa kuwa kadi mpya zingegharimu shilingi 25,000 kila moja.

Sasa nitasema lililo zito kwangu. Mimi nilijua kwamba kijana yule alichomoa nyaya, kwa sababu nilikuwa ndani ya maabara akizichomoa. Mimi na wenzangu wanne tulikuwa tumeomba ruhusa ya kujisomea, nasi tulikuwa tukitazama mabao ya Simba na Yanga. Shule imezifunga kurasa za namna hiyo wakati wa masomo, nasi tukazifungua kwa programu ya VPN ya bure niliyoileta katika simu ya kaka yangu wakati wa likizo, nikaiweka katika kompyuta ile niliyozoea kukalia, kisha nikawawekea na wenzangu. Kompyuta zenyewe zilikuwa namba 2, 3, 7, 8 na 11. Siku zile sikufikiri hata kidogo kwamba programu ile yaweza kuwa ndiyo sababu. Lakini nilijua kuwa mdogo wangu yule hakusema uongo, nami nilinyamaza. Niliogopa kuulizwa, "Na wewe ulikuwa ukifanya nini humo?"

Nilinyamaza siku tisa. Siku ya kumi baba yake alikuja. Ni mchuuzi wa dagaa kutoka upande wa pili wa ghuba, Kigongo, naye alivuka darajani kwa bodaboda na kapu lake tupu mgongoni. Mimi nilikuwa nafagia ukumbi mbele ya ofisi, nikamsikia akimwambia mwalimu: "Shikamoo, mwalimu. Kama mwanangu ameharibu mali ya shule nitalipa kidogo kidogo, sina neno. Lakini ananiambia alichomoa, na nyumbani hajazoea kunidanganya." Kisha akatoa shilingi elfu kumi, akazihesabu mezani noti moja moja.

Jioni ile sikuweza kula. Nilikwenda kwa mwalimu wetu wa kompyuta, nikamwamkia, nikamwomba anipe ruhusa nitazame kompyuta namba 7. Aliniuliza kwa nini. Nikamweleza yote, kuanzia simu ya kaka yangu mpaka noti za yule mzee. Mwalimu alikaa kimya kitambo kirefu, kisha akasema, "Adhabu yako utaipata, usiwe na wasiwasi. Lakini kesho darasa zima litakuja, nawe utaitafuta hitilafu mbele yao hatua kwa hatua, na kila hatua utaiandika ubaoni. Sitaki ubahatishe." Ndivyo ilivyokuwa, nami hapa nayaandika yale ya ubaoni, kwa kuwa yaweza kumfaa mtu.

Kwanza yafaa nieleze VPN ni kitu gani. Tuchukue mfano wa hapa kwetu. Zamani gari lililotaka kwenda Mwanza kutoka Sengerema kwa njia hii lilikuwa halina budi kungoja kivuko hapa Busisi, na mara nyingine lilingoja saa nyingi. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alilifungua Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, na sasa gari lavuka Ghuba ya Mwanza kwa dakika chache. Njia ya kawaida ya mtandao ni kama daraja lile: mwenye njia aona wapi kila ujumbe unakwenda. VPN ni kama mtu binafsi aliyeleta kivuko chake chenye kuta pande zote. Huchukua ujumbe wako, huufunga ndani ya bahasha nyingine kwa maandishi ya siri, huuvusha mpaka kwenye seva yake iliyo pengine nchi ya mbali, na kutoka huko ndipo ujumbe huendelea na safari. Anayetazama njiani aona bahasha ya nje tu.

Kitu hiki si kibaya kwa asili yake. Mtumishi wa benki aliye wilayani hukitumia ili aingie katika kompyuta za makao makuu pasipo mwizi kusoma njiani, na mwanafunzi wa chuo kikuu hukitumia asome vitabu vya maktaba ya chuo akiwa nyumbani. Hata hivyo nchini kwetu kina sheria yake. Mwezi Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilitangaza kwamba watumiao VPN wajisajili kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo, kwa kufuata Kanuni za Maudhui Mtandaoni za mwaka 2020. Mimi niliiweka shuleni pasipo kumwuliza mtu, na kwa hiyo sikukosa kwa mwalimu peke yake. Tena yafaa tujiulize juu ya hizi za bure: seva hugharimu fedha, basi nani alipa? Mwenye kivuko ndiye aonaye mizigo yote inayopakiwa, nasi hatumjui.

Sasa, ili kivuko chake kitumike, programu ya VPN hubadilisha mambo manne ndani ya kompyuta. Hutengeneza kadi ya mtandao ya kubuni, isiyoshikika kwa mkono. Hubadilisha jedwali la njia, ili kila ujumbe uende kwenye kadi ile ya kubuni na si kwenye kadi ya kweli. Hubadilisha anwani ya seva ya majina, yaani DNS, ambayo ni kama daftari la kutafutia namba ya kila jina la mtandao. Na nyingi huweka kufuli: kivuko kikikatika, ujumbe wowote usitoke nje, ili siri isivuje. Ni kama kumweka askari katika njia panda ya Sengerema, ukamwambia kila gari liende kwenye kivuko chako tu na lisiguse daraja. Kivuko kikizama, askari angali pale. Magari yatajazana barabarani, na daraja li wazi mbele yao.

Hilo ndilo lililotupata. Kijana wa watu alipochomoa nyaya kwa haraka, programu ilikatwa ghafla ikiwa imeunganishwa. Kompyuta zilipowashwa tena, nayo iliamka yenyewe, ikaweka kufuli lake, ikataka kwanza mwenyewe aingie kwa neno lake la siri ndipo ifungue njia. Mwenyewe ni mimi, nami nilikuwa nimejificha.

Lakini haya tuliyajua mwisho. Mwalimu hakutaka tuanze na jibu, alitaka tuanze na maswali. Nayo yalikuwa hivi.

Swali la kwanza lilikuwa: je, ni kompyuta moja, au ni zote? Saba zilikuwa nzima, nazo zatumia ruta ile ile. Basi ruta haikufa. Tena zile tano mbovu hazikukaa mahali pamoja: 2 na 3 ziko dirishani, 7 na 8 katikati, 11 mlangoni. Tukachukua waya wa mtandao wa kompyuta namba 7 tukaupachika katika namba 6 iliyo nzima, nayo ikapata mtandao. Waya wa namba 6 tukaupachika katika namba 7, haikupata. Basi waya hauna kosa, na kosa limo ndani ya namba 7. Kazi hii ilichukua dakika tano, wala haikuhitaji ujuzi wo wote. Siku tisa zilikuwa zimepita pasipo mtu kuifanya, kwa sababu sote tulikuwa tumekwisha kuridhika na neno "radi".

Swali la pili lilikuwa: ujumbe wafika wapi kabla haujakwama? Hapo tulitumia amri ya ping, ambayo kazi yake ni kubisha hodi na kungoja kuitikiwa. Hubishwa kuanzia karibu kwenda mbali. Tulianza na ping 127.0.0.1, ambayo ni kompyuta kujibishia hodi yenyewe, ikaitikia. Kisha tukabisha kwa ruta, ambayo hapa kwetu ni 192.168.1.1, nayo ikaitikia. Hapo darasa zima lilinyamaza, maana kadi iliyounguzwa na radi haiwezi kubisha hodi kwa ruta na kuitikiwa. Kadi ilikuwa nzima! Yule mzee alikuwa amehesabu elfu kumi kwa ajili ya kadi isiyo na ugonjwa. Kisha tukabisha nje, ping 8.8.8.8, na kompyuta ikasema imeshindwa papo hapo, kabla ujumbe haujatoka. Namba 6 ilipobisha pale pale iliitikiwa. Basi kulikuwa na kitu ndani ya namba 7 kinachozuia ujumbe mlangoni.

Swali la tatu lilikuwa: nani amewekwa mlangoni? Tuliandika ipconfig /all, tukaona kadi mbili, moja ya kweli na moja ya kubuni yenye jina la ile programu. Tuliandika route print, tukaona kuwa njia ya kwenda kila mahali imeelekezwa kwenye kadi ya kubuni. Mwalimu akaniuliza mbele ya wenzangu, "Kadi hii imeletwa na nani?" Nikasema, "Ni mimi, mwalimu."

Kuponya hakukuwa kugumu kama kutafuta. Tuliandika orodha, tukaanza na dawa ndogo kwenda kubwa, na baada ya kila dawa tukajaribu tena kabla ya kutia nyingine. Jambo hili mwalimu alilisisitiza sana: ukibadilisha mambo matatu kwa mara moja na mashine ikapona, hujui lipi limeponya, na kesho utakuwa mjinga kama jana. Dawa ya kwanza ni kuifungua programu yenyewe, kuondoa kufuli, kukata muunganisho kwa utaratibu na kuifunga. Ya pili ni kuiondoa programu kwa njia yake, yaani katika mipangilio ya kompyuta, palipoorodheshwa programu zote, kisha kuzima na kuwasha. Ya tatu ni kuiambia kadi ya kweli ipokee anwani na DNS kutoka kwa ruta yenyewe, na kutazama kama kuna proksi iliyoachwa, kisha kuandika ipconfig /flushdns ili kumbukumbu za zamani za majina zifutwe. Ya nne, ikiwa yote hayo yameshindwa, ni kufungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi na kuandika netsh winsock reset, kisha netsh int ip reset, na kuwasha upya. Amri hizi hurudisha mipangilio ya mtandao katika hali yake ya mwanzo, kwa hiyo yafaa uandike kwanza mipangilio iliyokuwapo.

Kompyuta nne zilipona kwa dawa ya pili. Ya tano, namba 8, ilikataa, kwa sababu mwenzangu mmoja aliposikia habari za radi aliogopa, akalifuta folda la programu kwa mkono badala ya kuiondoa kwa njia yake. Programu haikuwapo tena, lakini kadi ya kubuni na DNS yake zilibaki. Hiyo ilihitaji dawa ya tatu, na baadaye tukaifuta kadi ile katika orodha ya vifaa. Kabla ya saa ya chakula cha mchana kompyuta zote kumi na mbili zilikuwa na mtandao, na hakuna shilingi hata moja iliyotumika.

Sitaki msomaji adhani kwamba kila mtandao ukikatika kosa ni VPN. VPN yenyewe ina namna nyingine za kusumbua. Pengine kurasa ndogo zafunguka na kubwa zakwama nusu, kwa sababu mtandao wa waya hubeba kifurushi kisichozidi baiti 1500, na bahasha ya nje ya VPN hula sehemu ya nafasi hiyo. WireGuard, kwa mfano, kwa kawaida huweka 1420 kwa kifurushi cha ndani. Kipimo kisipopangwa sawa, vifurushi vikubwa hupotea njiani. Pengine saa ya kompyuta imekwenda vibaya baada ya betri yake ndogo kuisha, na seva yakataa cheti. Pengine mtu ameweka VPN mbili nazo zagombania njia. Na pengine kosa li mbali kabisa. Tarehe 12 Mei 2024, nilipokuwa Kidato cha Pili, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, ziliharibika, na mtandao ukawa taabu Tanzania na nchi jirani. Siku kama hiyo hata ungefungua kila kompyuta ya Busisi usingeona kosa. Ndiyo maana mpango wa maswali ni bora kuliko jibu la kubahatisha: huanza na kilicho karibu, na kikiwa kizima waendelea kwenda mbali, mpaka ufike kwenye ruta, kwenye kampuni ya simu, hata baharini. Lakini huanza na kilicho karibu. Sisi tulianza na mbingu.

Sasa nifike kwenye maoni yangu, ambayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini jambo la saa tatu lilichukua siku kumi. Si kwa kukosa ujuzi. Amri zile zote zimo katika madaftari yetu ya somo la kompyuta. Ni kwa sababu habari moja iliyohitajika, kwamba kuna programu mpya katika kompyuta tano, ilikuwa ndani ya vichwa vya wavulana watano, na wote watano waliogopa. Fundi bora kuliko wote angeweza kuitwa kutoka Mwanza mjini, naye angeanza gizani. Wazee husema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tuliyaficha maradhi, na aliyeumbuliwa ni mtoto wa mtu mwingine.

Basi natoa mashauri mawili. La kwanza ni kwamba maabara iwe na daftari moja mlangoni, la karatasi, lisilohitaji umeme. Kila atakayeweka programu, kuondoa programu, kubadilisha mpangilio au kuona hitilafu, aandike tarehe, namba ya kompyuta, jina lake na alichofanya. Zahanati huandika kila mgonjwa na dawa aliyopewa. Kompyuta zetu zilinunuliwa kwa jasho la wazazi na Serikali, nazo zastahili kutunzwa namna hiyo hiyo.

La pili ni gumu zaidi, nami nalisema kwa heshima mbele ya walimu wangu. Naomba mwanafunzi atakayekuja mwenyewe kusema "nimeharibu" siku ile ile asichapwe wala asiaibishwe paredini. Arekebishe, aandike, yaishe. Fimbo iwekewe yule aliyeficha. Hivi sasa aliyesema na aliyeficha adhabu yao ni moja, tena aliyeficha ana bahati ya kutojulikana. Mvulana wa miaka kumi na mitano akipiga hesabu hiyo atachagua kuficha. Mimi ni mkubwa kwake na nilichagua kuficha.

Najua nitajibiwa. Mwalimu mmoja, nilipomwonyesha maneno haya, aliniambia, "Tukifanya hivyo kila mmoja ataweka atakacho, kisha atakuja kuungama huku anacheka." Jibu langu ni kwamba kuirekebisha kompyuta mbele ya darasa zima si jambo la kuchekesha, nami najua kwa kuwa nimelifanya. Na akirudia, huyo si mkosaji wa bahati mbaya tena, na mwalimu ana haki ya kumtoa maabara. Wengine husema dawa ni kuifunga maabara kwa kufuli na kuifungua saa za kipindi tu. Hiyo ni kufanya kama VPN yangu: kwa kuogopa kitu kimoja kisivuje, kila kitu kinazuiwa. Mitihani ya Novemba haitungoji, na wengi wetu nyumbani hatuna kompyuta.

Kwa wazazi nina ombi dogo. Mtoto wenu akisema hakufanya, msikimbilie kutoa fedha wala kutoa fimbo. Ulizeni kwanza kilichochunguzwa ni nini. Yule mzee wa Kigongo alitoa fedha, lakini pia alisema mbele ya mwalimu kwamba mwanawe hajazoea kumdanganya. Maneno yale ndiyo yaliyonivunja mimi, wala si kanuni za shule.

Kijana alirudishiwa ukiranja wake Ijumaa ile paredini, na mimi ndiye niliyesimama mbele kueleza. Baba yake alirudishiwa elfu kumi zake. Mimi nilikatazwa kuingia maabara wiki mbili na nilifyeka nyasi za uwanja wa mpira peke yangu, wala sinung'uniki. Siku ya tatu ya kufyeka, yule kijana alikuja na panga lake, akaanza upande wa pili wa goli pasipo kusema neno. Nilimwambia aende akasome, nitamaliza mwenyewe. Akaniambia, "Kaka, nataka unifundishe ile amri ya kubisha hodi." Tuliifanyia mazoezi mchangani kwa kijiti, yeye akiwa ruta na mimi nikiwa kompyuta, mpaka kengele ya chakula ikalia.

Nimekwisha kumkabidhi mwalimu daftari jipya la maabara, nililolinunua kwa fedha yangu ya matumizi. Ukurasa wa kwanza nimeandika jina langu, tarehe, kompyuta namba 2, 3, 7, 8 na 11, na nilichofanya. Nawaomba wenzangu waendelee ukurasa wa pili, na walimu wetu watujibu juu ya shauri la pili katika gazeti la muhula ujao.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne